Redio Yenye Picha: Sauti na Uhai wa Mhusika wa Katuni

Chuck Jones, mmoja wa waongozaji wakubwa wa katuni za sinema nchini Marekani na mtu aliyechangia sana kumjenga sungura Bugs Bunny, alizibeza katuni za televisheni kwa kuziita redio yenye picha. Kipimo chake kilikuwa chepesi. Zima picha ubaki na sauti. Ukiona bado unaifuata hadithi bila taabu, ujue ulikuwa unasikiliza redio. Zima sauti ubaki na picha. Ukiona bado unaifuata, hiyo ndiyo katuni. Jones alisema hayo kwa uchungu wa fundi aliyeona kazi ya mikono yake ikishushwa thamani, na uchungu huo unaeleweka. Mimi nataka kulichukua neno lake na kuuacha uchungu wake. Naamini alieleza sawasawa jinsi katuni ya televisheni inavyofanya kazi, na maelezo hayo yanatufaa zaidi sisi wazungumzaji wa Kiswahili kuliko yalivyomfaa yeye. Tumezoea kulalamika kuwa watoto wetu wanakua na paka, panya na nguruwe wa nchi nyingine, na kila tukitafuta sababu tunataja kompyuta, programu, wachoraji na mitaji. Hoja yangu leo ni kwamba mhusika wa katuni ya televisheni husimama kwa sauti na maandishi kabla ya kusimama kwa mchoro, kwamba katika sauti na maandishi hatujawahi kuwa maskini, na kwamba fedha kidogo tunazozipata kwa kazi hii tunaanza kuzitumia mahali pasipostahili.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyoizaa katuni ya televisheni. Filamu hupita mbele ya macho kwa fremu 24 kila sekunde. Katuni ya sinema ya dakika saba ni sekunde 420, yaani fremu 10,080. Na hata mchoraji akishikilia mchoro mmoja kwa fremu mbili, kama ilivyokuwa desturi, bado anadaiwa michoro elfu tano na ushei kwa mhusika mmoja tu asiyetulia. Ndivyo William Hanna na Joseph Barbera walivyowatengeneza paka Tom na panya Jerry katika studio ya MGM tangu mwaka 1940, na kazi hiyo ikatunukiwa Oscar saba. Mwaka 1957 MGM ilifunga idara yake ya katuni, kwa kuwa wakubwa wa kampuni waligundua kwamba kuzirudisha sinemani katuni za zamani kunaingiza karibu fedha ileile bila gharama ya kuchora mpya. Mafundi wale wawili, pamoja na sifa zao zote, wakajikuta hawana kazi. Walifungua kampuni yao na kwenda kuuza kwenye televisheni, ambako walilipwa kama dola 3,000 kwa kipande cha dakika tano, ilhali katuni moja ya Tom na Jerry ilikuwa ikigharimu makumi ya maelfu. Kwa fedha hiyo michoro elfu tano ilikuwa ndoto. Ikabidi wajiulize ni kipi katika katuni kinachoweza kuondolewa na mhusika akabaki hai.

Mtazameni dubu wao Yogi, aliyejitokeza mwaka 1958 katika kipindi cha Huckleberry Hound. Hana nguo ila kofia, ukosi na tai. Ukosi ule haukuwekwa kwa ajili ya urembo. Ulikuwa mstari wa kukatia. Chini yake, kiwiliwili kilichorwa mara moja kwenye karatasi angavu ya plastiki na kuachwa palepale wakati dubu akizungumza. Juu yake, kichwa kilichorwa kwenye karatasi nyingine, kikageuka huku na huku, na jicho la mtazamaji halikuona pale vipande viwili vilipoungana. Ndani ya kichwa chenyewe mlikuwa na mgawanyo mwingine: sehemu ya pua na mdomo ilipakwa rangi tofauti na uso, ili mdomo ubadilishwe peke yake na uso uliobaki usiguswe. Fred Flintstone, mhusika mwingine wa Hanna na Barbera, ana kivuli cha ndevu kuzunguka mdomo kwa sababu hiyohiyo, na tai yake inafanya kazi ya ukosi wa Yogi. Wakikimbia, miguu hurudia michoro michache ileile, na nyuma yao hupita dirisha, taa, dirisha, taa, kwa kuwa mandhari ni kipande kimoja kinachozungushwa. Ukimpunguzia mhusika michoro kiasi hicho, unabaki na mtu aliyesimama akizungumza, naye hushikiliwa na mambo mawili tu: anachosema na namna anavyokisema. Hapo ndipo Jones alipoona kifo cha sanaa yake. Mimi naona hapo ndipo kazi ilipohamia kwenye mikono mingine.

Mikono hiyo, au tuseme makoo hayo, yalikuwepo tayari. Katika miaka ya 1950 televisheni iliumaliza mchezo wa redio nchini Marekani, na waigizaji waliozoea kumjenga mtu mzima kwa sauti pekee wakakosa pa kwenda. Katuni ya Fred, The Flintstones, ilipoanza kuonyeshwa jioni ya tarehe 30 Septemba 1960, Fred alikuwa Alan Reed, jirani yake Barney alikuwa Mel Blanc, na Betty mke wa Barney alikuwa Bea Benaderet. Wote watatu walikuwa wamekomaa redioni. Yogi na Huckleberry walikuwa mtu mmoja, Daws Butler, naye pia mtu wa redio. Watu hawa walijua mambo ambayo kalamu haiwezi kuyachora: kuvuta pumzi kabla ya kusema uongo, kulichelewesha neno la kuchekesha kwa nusu sekunde, kumfanya mtu asikike mnene au mwembamba, mwoga au mjuaji, kabla hajaonekana. Januari 1961 Blanc, aliyekuwa pia sauti ya Bugs Bunny, alipata ajali mbaya ya gari mjini Los Angeles, akalala bila fahamu kwa takriban wiki mbili. Baadaye alisimulia kwamba daktari, baada ya kushindwa kumwamsha kwa jina lake, alimwita Bugs Bunny, na jibu likatoka kwa sauti ya sungura. Asiyetaka kuisadiki simulizi hiyo atazame kilichofuata. Butler alimshikia nafasi kwa sehemu chache, kisha vifaa vya kurekodia vikapelekwa kitandani kwa mgonjwa, naye akaendelea kuwa Barney akiwa amefungwa plasta mwili mzima. Mchoraji angeumwa, mwenzake angekalia kiti chake asubuhi iliyofuata na mtazamaji asijue. Mwenye sauti alifuatwa alipolala.

Utaratibu wa studio nao unathibitisha jambo hili. Katika studio nyingi za Marekani na Ulaya, sauti hurekodiwa kwanza, kisha inapimwa fremu kwa fremu na kuandikwa kwenye jedwali: hapa mdomo umefumba kwa fremu mbili, hapa umefunguka kwa irabu ya a kwa fremu nne, hapa kuna kimya cha fremu sita. Mchoraji anafuata jedwali hilo. Kwa maneno mengine, lugha iliyozungumzwa kwenye kipaza sauti ndiyo inayoamua mdomo utachezaje, kichwa kitainama lini na kicheko kitaangukia wapi. Kiswahili, kwa upande huu, kinampa mchoraji mzigo mwepesi. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, irabu zenyewe ni tano, na ukiongeza mdomo mmoja uliofumbwa kwa m, b na p, na mwingine wa meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v, una midomo ya kutosha mazungumzo mengi. Katuni iliyochorwa kwa Kiingereza ikitiwa Kiswahili baadaye, hali hugeuka: mdomo umeshafumba na sentensi bado inaendelea, mtafsiri analazimika kukata, na kinachokatwa kwanza ni viungo vya mazungumzo, yaani ule mguno, ule mzaha wa pembeni, ile heshima ya mtoto kumwamkia mkubwa kabla ya kusema alichotumwa.

Hapa mjuzi wa mambo atanisimamisha kwa mfano wa Japani. Kule desturi ni kuchora kwanza na kuingiza sauti baadaye, na bado Wajapani wametoa wahusika wanaojulikana dunia nzima. Ni kweli, na mfano huo unastahili kukaa nao kidogo. Tetsuwan Atomu, yule mvulana wa chuma wa Osamu Tezuka tunayemjua kwa jina la Astro Boy, alianza televisheni tarehe 1 Januari 1963 kwa bajeti finyu na michoro minane hivi kwa sekunde, huku michoro ya zamani ikihifadhiwa na kutumiwa tena. Lakini hakuzaliwa siku ile. Alikuwa ameishi kwenye kurasa za magazeti ya watoto tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, akizungumza Kijapani kilichoandikwa na Mjapani kwa ajili ya watoto wa Kijapani. Michoro ilipotangulia sauti, maandishi yalikuwa yameshaitangulia michoro kwa muongo mzima. Kuhusu sauti yenyewe, paka wa kimashine Doraemon alizungumzwa na Nobuyo Oyama kuanzia 1979 hadi 2005. Vizazi viwili vya watoto vilikua vikimsikia mwanamke huyo mmoja. Kwa hiyo Japani inanilazimisha kupanua hoja, hainilazimishi kuiacha. Kinachotangulia ni maandishi yaliyoumbwa ndani ya lugha. Sauti inaweza kuingia asubuhi au jioni, lakini haiji kutoka lugha nyingine.

Pingamizi la pili ni la Tom na Jerry wenyewe, na ndilo linalotajwa zaidi. Watoto wa Tanga, Kisumu, Bujumbura na Bukavu wamewacheka hao wawili bila kuhitaji lugha yoyote. Basi sauti ina kazi gani? Jibu ni kwamba wanapendwa kila mahali kwa sababu hiyohiyo. Hawazungumzi, ila kwa nadra. Ni katuni za sinema za kipimo cha Jones, zilizolipiwa michoro elfu kwa elfu, na ndiyo maana zinavuka mipaka bila mkalimani. Asiye na fedha za MGM hawezi kuiga njia hiyo. Na hata humo, ukitega sikio, utasikia muziki wa Scott Bradley ukimfuata panya hatua kwa hatua, na ukelele wa Tom anapobanwa mkia, ukelele uliotoka kooni mwa William Hanna mwenyewe. Zaidi ya hapo, tutambue kile ambacho katuni za namna hiyo hazifanyi. Zinafukuzana. Haziombi radhi, hazidanganyi mzazi, hazipangi njama ya kutoroka mtihani, hazisutani, hazitanii. Mhusika wa kufukuzana anaweza kutoka popote. Mhusika wa kutania lazima awe na kwao.

Sasa tujitazame. Kwa miongo mingi Radio Tanzania Dar es Salaam ililea wahusika ambao hakuna aliyewahi kuona nyuso zao na kila mtu aliwajua. Pwagu na Pwaguzi walichekesha taifa kwa sauti mbili. Mwaka 1993 ulianza mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na ndani yake mlikuwa na dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mtu wa starehe za njiani, na mkewe Tunu aliyebaki na machungu ya nyumbani. Mchezo huo ulichunguzwa na wataalamu kwa namna ya pekee, kwani kwa miaka ya mwanzo kituo cha Dodoma hakikuurusha, ili wasikilizaji wa maeneo mengine walinganishwe na wale wa Dodoma. Na tofauti ilionekana. Nchini Kenya, mchezo wa Ushikwapo Shikamana ulikuwa umeshatangulia kwenye redio ya taifa katika miaka ya 1980. Katika karatasi nako hatukulala. Chakubanga wa Christian Gregory aliwasuta wakubwa na wadogo katika gazeti la Uhuru, Juha Kalulu wa Edward Gitau alidumu katika Taifa Leo kwa miongo, na jarida la Sani likampa msomaji Ndumilakuwili na Madenge. Wote hao ni wahusika wa maneno. Mchoro wao ni wa mistari michache, mara nyingi ileile. Kinachomfanya msomaji anunue gazeti la kesho ni kutaka kusikia Chakubanga atasema nini. Huyu ndiye Yogi kabla ya kuwekewa ukosi. Tulikuwa na waandishi wa kumpa maneno na waigizaji wa kumpa koo, na daraja la kuwavusha hadi kwenye skrini halikujengwa.

Jinsi daraja hilo linavyoweza kujengwa kinyume inaonekana katika Tinga Tinga Tales. Mfululizo huu ulianza mwaka 2010 katika idhaa ya watoto ya BBC, ukafikia sehemu 52, na michoro yake ilitengenezwa Nairobi na vijana wa studio ya Homeboyz. Jina na mtindo wa rangi vilitoka kwa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 1972, na wimbo wake ulitungwa na Eric Wainaina. Kwa macho ni kazi nzuri kupindukia. Madoa ya chui na manyoya ya tausi yanacheza kama yalivyokuwa yakitaka kucheza kwenye vibao vya Tingatinga siku zote. Nairobi ilionyesha mbele ya dunia kuwa mchoraji wa Afrika Mashariki hana la kujifunza kutoka kwa mwingine katika ustadi wa mkono. Lakini hadithi ziliandikwa kwa Kiingereza, kampuni iliyoshika usukani ilikuwa ya Uingereza, na miongoni mwa waliotoa sauti alikuwa Lenny Henry, mchekeshaji wa Uingereza. Mfululizo ulipokwisha, wachoraji walibaki na uzoefu, na wahusika walibaki na wenyewe. The Lion King ya mwaka 1994 ilikuwa imefanya jambo linalofanana kwa njia nyingine, ikachukua majina ya Simba, Rafiki na Pumbaa na kuyavisha sauti za Hollywood. Mara zote mbili tulitoa sura au majina. Sauti zilitoka kwingine, na umiliki ulifuata sauti.

Ubongo Kids imekwenda njia iliyo sahihi zaidi, na matokeo yake yanaonekana. Kipindi hicho kilianza Dar es Salaam mwaka 2014 kupitia TBC1, kikiwa na akina Kibena, Kiduchu na wenzao wanaotatua matatizo kwa hesabu na nyimbo, na mtoto nyumbani aliweza kujibu maswali kwa ujumbe wa simu ya kawaida kabisa. Dada yake, Akili and Me, ni kwa wadogo zaidi: Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala husafiri hadi nchi ya ndoto yenye wanyama wanaomfundisha herufi na namba. Utafiti uliofanywa Morogoro kwa zaidi ya watoto 500 wa shule za awali ulionyesha kuwa waliotazama Akili kwa wiki chache waliwapita wenzao waliotazama vipindi vingine. Lakini ushahidi unaonigusa zaidi ni kwamba vipindi vya Ubongo vimerushwa pia redioni. Viliondolewa picha vikaendelea kuishi. Nairobi nako, Shujaaz, iliyoanza 2010 na kupata tuzo ya Emmy ya Kimataifa, ilikuja kama hadithi ya michoro ndani ya gazeti na wakati huohuo kama kipindi cha redio, na mhusika wake mkuu, DJ Boyie, ni kijana anayeendesha kituo cha redio cha siri kutoka chumbani kwake. Waliobuni mhusika huyo walielewa kuwa kijana wa Sheng hujulikana kwa kusikika. Kazi hizi mbili ndizo ninazoziona kuwa na mizizi, na zote mbili zilipita redioni.

Wapo watakaosema kuwa ushauri huu unahalalisha katuni mbovu za macho, na kwamba mtoto aliyezoea katuni za Pixar kwenye simu ya mzazi hatavumilia mhusika anayesogeza mdomo tu. Nauheshimu wasiwasi huo, kwa sababu kazi ya ovyo ipo na inajificha nyuma ya umaskini. Lakini mtoto huyohuyo anamwangalia Peppa Pig, katuni ya Uingereza iliyoanza 2004, ambamo nguruwe wote wamechorwa kwa ubavu na macho mawili upande mmoja wa uso, mikono ni vijiti, na vilima ni nusu duara za kijani. Hakuna mtoto aliyeomba macho yasambazwe. Kinachomshika ni baba anayejifanya mtaalamu wa kila kitu, mdogo mtu anayelia akinyang'anywa dainosaria wake, na mkoromo wa nguruwe katikati ya sentensi. Usahili wa mchoro ni uamuzi wa sanaa kama uamuzi mwingine wowote. Unakuwa ubovu pale tu mswada unapokuwa mbovu, maana mchoro mwepesi hauna pa kuuficha.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la fedha. Mkuu wa vipindi wa kituo chochote atakuambia kwamba saa moja ya katuni za nje ni rahisi kuinunua kuliko kutengeneza dakika chache za kwake, na anasema kweli, kwa sababu katuni ile ilisharudisha gharama zake kwao, na kila senti inayolipwa huku ni faida juu ya faida. Hatuwezi kumshinda muuzaji wa namna hiyo kwa bei. Tunachoweza ni kubadili mahali hesabu inapoanzia. Kwa sasa mtu akipata ruzuku ya katuni ananunua kompyuta, anaajiri wachoraji, anatoa dakika tatu za mfano zenye kung'aa, na fedha inakwisha kabla haijajulikana kama kuna yeyote anayempenda huyo mhusika. Napendekeza tufanye kama watu wa Mkwaju. Yaandikwe maigizo 13 ya dakika kumi, yarekodiwe na waigizaji watano au sita, yarushwe redioni kwa msimu mmoja. Gharama yake ni chumba, vipaza sauti na ujira wa haki. Wahusika watakaoigwa na watoto uwanjani ndio wapelekwe kwa mchoraji, naye atakuja kuchora akiwa na sauti kamili mkononi, jedwali la midomo limeshaandikwa na soko limeshajibu. Baada ya hapo hesabu hutupendelea. Taarifa ya habari hufa siku ileile, lakini katuni ya watoto hupata watazamaji wapya kila mwaka, kadiri wanaozaliwa wanavyofikia umri wa kutazama, na sehemu moja inaweza kurushwa miaka kumi Dodoma, Mombasa, Kigali na Goma bila kubadilishwa neno.

Bila kubadilishwa neno, nimesema, na hapo nitaulizwa: Kiswahili cha nani? Cha Unguja, cha Nairobi, cha Lubumbashi? Wengine huona tofauti hizi kuwa kikwazo cha soko moja. Katika katuni ni mtaji. Huckleberry Hound alipambanuliwa na lafudhi ya kusini mwa Marekani, na hakuna mtu wa kaskazini aliyezima televisheni kwa hilo. Fikirieni kijiji cha wahusika ambamo mzee anazungumza Kimvita cha polepole, binti anachanganya Sheng, fundi ni mtu wa Kongo anayesema kwa madaha ya kwao, na mwalimu ni yule wa Kiswahili cha redio ya taifa asiyekosea hata alama ya mkato. Kila mmoja atatambulika kabla hajaingia kwenye picha. Lakini lafudhi ina hatari yake, na mfano ni Apu, muuza duka wa Kihindi katika katuni ya Marekani ya The Simpsons. Kwa miaka mingi alizungumzwa na Hank Azaria, ambaye si Mhindi, kwa matamshi ya kuchekesha; Wamarekani wenye asili ya India wakaeleza jinsi watoto wao walivyodhihakiwa shuleni kwa sauti ile, na mwaka 2020 Azaria akatangaza kuwa hatamwigiza tena. Kwetu kishawishi ni hichohicho: Mmakonde, Mhindi, Mkongo na mtu wa bara wamekuwa mzaha wa bure kwenye vichekesho vingi. Kinga ni kwamba mwenye lafudhi aizungumze mwenyewe, na apewe pia nafasi ya kuwa mwerevu, mkali, mwenye huzuni, mwenye haki ya kucheka wengine.

Hivi karibuni limezuka wazo kwamba hata waigizaji hawahitajiki, kwa kuwa mashine sasa zinaweza kusoma Kiswahili kwa sauti inayofanana na ya mtu. Zinasoma, ni kweli. Lakini Blanc alipofuatwa kitandani, kilichofuatwa pale hakikuwa mlio. Waigizaji wawili wakiwa chumba kimoja hudakana maneno, mmoja hukosea na mwenzake akalijenga kosa likawa kichekesho, na mswada ukatoka bora kuliko ulivyoingia. Ushirikiano wa namna hiyo hujengwa kwa miaka. Watengenezaji wa The Simpsons walilijua hilo: mwaka 1998 walipogombana na waigizaji wao juu ya malipo walitishia kuwabadilisha wote, na mwishowe waliwaongezea fedha. Sisi bado hatujafika hata hapo pa kugombana. Sauti za katuni zetu nyingi hupita bila jina, zikilipwa kwa siku kama kibarua cha kubeba mizigo, na mwenye sauti hana mkataba unaosema itatumika mara ngapi wala kama inaweza kulishwa kwenye mashine. Nataka hili lianze kurekebishwa pale pasipohitaji ruzuku. Mel Blanc aliomba nyongeza ya mshahara kwa Leon Schlesinger, mtayarishaji wa Bugs Bunny, akanyimwa; badala yake akakubaliwa jina lake liandikwe kwenye skrini, jambo ambalo mwigizaji wa sauti hakuwa akipewa. Jina hilo ndilo lililomfungulia kazi nyingine redioni. Kila katuni ya Kiswahili inayorushwa leo inaweza kufanya hivyo kuanzia sehemu yake ijayo: jina la mwandishi na majina ya wenye sauti yaje mwanzoni, kabla ya la studio na kabla ya la mfadhili.